TAHADHARI: Anayeuza baruti na vichwa vya risasi "kwa bei ya ndugu" huku Texas

Ndugu zangu mnaojaza risasi wenyewe, yaani mnaoweka baruti na kichwa kipya kwenye ganda lililokwisha kupigwa, hasa tulioko upande wa Dallas na Fort Worth, someni hii kabla hamjatuma hela. Kuna mwenzetu mmoja, Kiswahili chake kimenyooka kabisa, anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp akiuza baruti na vichwa vya risasi za bastola za 9 mm vilivyopakwa rangi. Jina sitaji, na hata nikitaja halitawasaidia maana kila grupu ana lingine. Nitawaeleza mali yake, muitambue mkiiona.

Mimi alinipata wakati natafuta Titegroup, aina ya baruti ya bastola, na maduka mawili ya karibu yameishiwa. Akaniandikia: "Kaka, ninayo chupa ya ratili moja, nimetumia kidogo tu, nipe 25." Dukani ni dola 40 na kitu. Akaongeza vichwa 1000 vya greni 125 (ndio uzito wa kila kimoja) kwa dola 60. Tukakutana kwenye maegesho ya kituo cha mafuta, tukaulizana habari za nyumbani, nikamlipa palepale kwa Zelle, huduma ya kutuma hela kwa simu kutoka benki. Chupa ilikuwa na lebo halali ya kiwanda. Vichwa vilikuwa vyekundu, vinang'aa kama pipi. Nikaondoka najiona mjanja.

Nina mazoea ya kumimina baruti kidogo kwenye karatasi nyeupe kabla haijaingia kwenye mashine ya kujazia. Titegroup ni chembe ndogo za mviringo zilizobonyezwa. Iliyotoka kwenye chupa ya jamaa ilikuwa vipande bapa, kama magamba ya dagaa. Nikaleta chupa yangu ya zamani iliyobaki robo, nikamimina pembeni yake. Mke wangu alikuwa anapita na kikombe cha chai, na hajui lolote kuhusu baruti. Akatupa jicho mara moja: "Hizi si kitu kimoja."

Kwa mgeni wa mambo haya: kipimo cha baruti kinafuata jina lake, basi. Titegroup inaungua haraka na kipimo chake ni kidogo, kinakaa chini kabisa ya ganda. Ukiweka baruti nyingine kwa kipimo hicho, huenda presha ikapanda mpaka bastola ikapasukia mkononi, au ikawa dhaifu, kichwa kikanasa ndani ya mtutu, na risasi inayofuata ndiyo ikakuumiza. Na msidhani mtu akiwa mzoefu ataitambua kwa kuiangalia. Macho yanaweza kukuambia hii siyo. Hayawezi kukuambia hii ndiyo. Kiwanda kilichoandikwa kwenye chupa hakina kosa hapa, kosa ni la aliyejaza kitu kingine ndani. Nikaitawanya yote kwenye nyasi nyuma ya nyumba, tena mbali na jiko la kuchomea nyama.

Vichwa navyo, sasa. Hapo ujinga ni wangu, kwa sababu baada ya kuiona ile baruti nilipaswa kuvitilia shaka vilevile. Nikajaza risasi 30 kwa baruti yangu ya zamani, nikaenda nazo uwanja wa kulenga shabaha. Kwa yadi 10 tu matundu yalitawanyika karatasi nzima, na mengine yalikuwa marefu kama tundu la ufunguo, yaani kichwa kilifika kikiwa kimelala ubavu. Nilipochungulia mtutu, umepakaa risasi, ile madini yenyewe. (Kiswahili kimetupa neno moja kwa vitu viwili, siku hiyo vyote viwili vilikuwa vimenikalia vibaya.) Kuusugua kwa nyuzi za shaba kulinimalizia jioni nzima.

Nikavipima kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene. Kichwa kilichopakwa cha 9 mm kwa kawaida kina kipenyo cha inchi 0.356. Vyake vingi vilikuwa 0.354, vingine havikuwa hata duara. Kikiwa chembamba hivyo, moto unapenya pembeni yake na kuyeyusha madini. Nikalowesha kitambaa cheupe kwa asetoni, nikafuta kimoja: kitambaa kikawa chekundu. Rangi ile haikuiva. Inatakiwa kuokwa kwenye takriban nyuzi 200 za Selsiasi, tabaka kwa tabaka. Kingine nikakiponda kwa nyundo. Rangi iliyoshika hubaki imeng'ang'ana hata kichwa kikiwa bapa kama sarafu, lakini hii ilibanduka kama ganda la yai. Fanyeni hayo mawili kwa vichwa vitano tu kabla ya kununua 1000. Na muulizeni leseni: anayetengeneza vichwa vya kuuza hapa Marekani anatakiwa awe na leseni ya shirikisho. Mimi sikuuliza, niliona aibu kumuuliza mtu wa nyumbani.

Nilipompigia alisema, "Kaka, baruti ni baruti." Kisha akaniblock. Benki nayo ikaniambia hela nimetuma kwa mkono wangu.

Rafiki yangu aliposikia akasema yeye hanunui kwa watu, ananunua mtandaoni. Akaangukia tovuti yenye kila aina ya baruti wakati maduka yote makavu, malipo kwa Bitcoin au Zelle pekee, haitozi ada ya mzigo wa hatari, na inaahidi kuleta kwa posta. Posta ya Marekani hairuhusu kabisa baruti wala fataki za risasi (kile kidude cha kitako cha ganda kinachowasha baruti)! Hadi leo anasubiri. Tumeripoti kesi zote mbili, yangu na yake, kwenye dawati la FBI la uhalifu wa mtandaoni, IC3.

Mlioko Kenya na Tanzania, msijaribu kujaza risasi nyumbani, huko ni kesi.

Jamaa bado yuko sokoni. Wiki iliyopita mtu kaniletea picha ya tangazo jipya: vichwa safari hii ni vya kijani, chupa ni ya baruti nyingine, na maneno ni yaleyale, "nimetumia kidogo tu."