Vitambaa vya kutiwa rangi kwa mkono pale Ngara: uliza kwanza vilitiwa mwezi gani

Tangu nitundike ile kwilti ya jakaranda watu wananiuliza vitambaa nilitoa wapi, na nimejibu mmoja mmoja kwa inboksi mpaka vidole vinauma, basi wacha niandike yote hapa mara moja. Jina la duka sitataja, juu kuna kitu kilienda vibaya na mwenyewe tulikaa chini tukamalizana vizuri, sitaki kumchomea. Ni ghorofa ya pili, pande za Ngara, ngazi zenyewe nyembamba, na ukifika juu unapokelewa na korido imefungwa kamba kutoka mwisho mpaka mwisho kama ploti siku ya Jumamosi, vitambaa vinaning'inia mpaka unainama ndio upite.

Kwa wale hawajui, hizi kwilti zangu si za kitanda. Ni picha. Unaweka kitambaa cha juu, pamba bapa katikati, kitambaa kingine nyuma, unapitisha cherehani juu yake mistari kwa mistari mpaka vyote vitatu vishikane na vifanye vibonde vibonde, alafu unatundika ukutani. Mamangu alipoona ya kwanza aliniuliza mbona blanketi iko kwa ukuta na watu wanalala na baridi. Sikuwa na jibu.

Sasa shida ya hii kazi hapa Nairobi ni kitambaa cha juu. Kitenge nakipenda lakini kitenge kina mdomo, ukiweka vitano kwa picha moja kila kimoja kinataka kusikika. Biashara Street utapata pamba nzuri za rangi moja, lakini rangi moja ni rangi moja, imelala tu bapa kama ukuta wa ofisi ya chifu. Ukitaka mbingu, ama maji, ama lami imenyeshewa, unatafuta kitambaa ambacho rangi inatembea, huku nzito, huku nyepesi, katikati pamekuwa na kaukungu. Hiyo mashine haikupi, ni mtu anakaa na beseni.

Nilichukua furushi la vipande vinane, kila kimoja kama nusu mita kwa nusu mita na kidogo, 3,200. Yaani 400 kipande. Najua, najua, kwa hiyo pesa Gikomba unarudi nyumbani na mashuka ya pamba mpaka ukodishe mkokoteni. Lakini hebu nikwambie kuhusu ile zambarau.

Zambarau yenyewe haikuwa zambarau moja. Nilikifungua mezani karibu na dirisha na nikaona pale kitambaa kilikuwa kimekunjamana ndani ya beseni rangi imeachana, pinki kali imekimbia upande wake, buluu imekimbia upande wake, na katikati yao ndio kuna ile zambarau yenyewe, na kingo zake zimechanika chanika kama maua ya jakaranda yameanguka kwa lami pale University Way alafu gari zikapita juu. Kumbe zambarau ya hivi ni rangi mbili zimechanganywa, na kila moja ina mwendo wake, pinki hushika haraka inabaki hapo ilipoangukia, buluu inaendelea kutambaa. Wengine wataona ni makosa. Mimi nilikaa na hicho kipande wiki nzima bila kukata, nikipita nakiangalia tu, mpaka bwanangu akaniuliza kama ni cha kuabudu.

Nguo yenyewe pia ni safi. Ni pamba tupu, aina ya ile nguo nyeupe isiyosafishwa sana ambayo watu wa Pwani wanaiita marekani, juu karne ya 19 ilikuwa inaletwa Zanzibar na meli za wafanyabiashara wa Salem, huko Massachusetts. Mimi siamini mtu kwa mdomo, nilichomoa uzi mmoja nikawasha kiberiti: uliungua kama karatasi, jivu laini, harufu ya karatasi. Ingekuwa imechanganywa na polista ungeona unayeyuka na kubakisha kagololi kagumu keusi. Kwa hiyo hapo duka lilipita.

Shida ilianzia kaunta. Kulikuwa na kijana mmoja wa kike anauza, mchangamfu sana, nikamshikia kile kipande cha damu ya mzee nikamuuliza, "Hii haichuji kweli?" Akacheka. "Wapi kastoma wangu, hiyo imewekwa chumvi na siki, hata ukichemsha."

Hapo ningeshtuka. Chumvi na siki ni ile hadithi kila mtu alifundishwa na shangazi yake, na kwa pamba haishiki kitu. Siki ni ya rangi za sufu na hariri. Chumvi kazi yake ni kusukuma rangi itoke kwa maji ikaribie nguo, inaisogeza tu. Kinachofunga rangi kwa pamba, kwa hizi rangi za kisasa ambazo kampuni ya ICI ya Uingereza walianza kuuza 1956 kwa jina la Procion, ni magadi ya unga, ile Wazungu wanaita soda ash, inayofanya maji yawe makali mpaka rangi inashikana na uzi iwe kitu kimoja. Na hiyo magadi tunachimba hapa kwetu Kajiado, Ziwa Magadi, ingawa usichukue ile mawe mawe ya kuivishia githeri ukafikiri ni sawa, ile haijachomwa na nguvu yake ni ndogo. Haya yote nilikuwa nayajua. Lakini nilikuwa nimeshapenda kitambaa, na mtu akishapenda haulizi maswali, nikatuma M-Pesa nikaenda.

Kwilti ilinichukua karibu miezi miwili. Barabara kijivu, miti ya zambarau, mbingu nyeupe ya asubuhi ile ya Oktoba kabla mvua, na chini kona ya kulia mwanamke mmoja amebeba mwavuli wa damu ya mzee. Mwavuli mdogo, hauzidi kiganja. Mistari ya kushonea nilikuwa nimechora na ile peni ya buluu inayofutika kwa maji. Nikamaliza usiku wa saa sita hivi, nikachukua chupa ya kupulizia, nikaanza kufuta mistari taratibu, nikaenda kulala nikiwa na furaha ya mtu amemaliza deni.

Asubuhi mwavuli ulikuwa umelia. Yaani rangi imetoka kwa mwavuli ikapanda juu kwa mbingu nyeupe, pinki, imesambaa kama mtu amemwaga vimto. Nilikaa chini kwa sakafu. Siwezi kuwadanganya, machozi yalitoka.

Kwa yule itamtokea, nilichofanya ni hiki na kilisaidia. Usikaushe, na usipige pasi kabisa, juu ukipiga pasi hapo ndio umeikaribisha ikae. Nilijaza beseni la kuogeshea mtoto na maji moto sana, nikamwaga sabuni ya maji ya vyombo nyingi bila huruma, nikazamisha kwilti yote, nikawekea sahani juu isielee hata kona moja, nikaiacha karibu masaa kumi na mbili. Wazo ni kwamba ile rangi isiyoshika ielee kwa maji mengi badala ya kutafuta mahali pengine pa kukaa. Maji yakawa ya waridi, nikamwaga, nikarudia. Mara ya tatu yakabaki meupe. Mbingu ilirudi, isipokuwa kadoa kamoja karibu na mwavuli ambako nimekashonea kandege juu. Kila mtu anakasifia hako kandege.

Jumamosi nikaibeba nikaenda nayo Ngara. Nilikuwa nimejipanga kwa vita, nimerudia maneno yangu kwa matatu njia nzima. Safari hii nikamkuta mwenye duka, mama wa makamo, mikono ya buluu mpaka kiwiko, nikaitandika kwa kaunta bila salamu. Aliinama akaiangalia muda mrefu, akagusa mwavuli, akaniuliza, "Mwanangu, hiki ulinunua lini?"

"Mwisho wa Julai, mama."

"Basi ni cha Julai." Akashusha pumzi. "Julai mimi hulia."

Akanipeleka nyuma. Hapo ndipo nilielewa mambo ambayo nilikuwa nimesoma tu. Hizi rangi zinataka joto, si la kuchemsha, joto la kawaida tu la mchana mzuri, nyuzi ishirini na kitu na kupanda, na zinataka kukaa na unyevu kama siku nzima zimefunikwa. Julai Nairobi usiku tunashuka nyuzi kumi na mbili, na hapo nyuma kwake ni simiti na dirisha linaangalia ukuta, ndani ya beseni rangi inalala tu. Sehemu inashika nguo, sehemu inashikana na maji yenyewe, na hiyo ya maji haina faida tena, imebaki imekaa juu ya nguo ikingoja siku utailowesha. Dawa yake ni kuosha, kwanza maji baridi kutoa magadi, alafu maji moto, alafu maji moto tena, mpaka yatoke meupe. Na hiyo wiki, akasema, maji ya mgao hayakuja siku tatu na stima ikapotea mara mbili. Rangi nzito kama damu ya mzee na nyeusi ndizo zinaumia zaidi, juu unaweka unga mwingi wa rangi, kwa hiyo inayobaki bila kushika pia ni nyingi. Feruzi nayo ni mvivu hata msimu wa joto.

Nilimwambia kuhusu chumvi na siki. Hakucheka. Aliita yule msichana kwa sauti ya chini, ile sauti ya mama inayotisha kuliko kelele, na mimi nikajifanya naangalia ndoo.

Alinipa vipande viwili bure bila mimi kuitisha, na akanionyesha kitu ambacho kingeniokoa mapema: kwa kona ya kila kitambaa kuna alama ndogo ya peni, herufi mbili. Nilikuwa nimeiona nikadhani ni bei. Ni mwezi. FE ni Februari, jua la kuanika samaki. JL ni Julai. Buluu zangu zote tatu kwa lile furushi zilikuwa FE, na hizo nimezilowesha, nimezichemshia maji, nimezisugua na kitambaa cheupe, hazijatoa hata tone.

Basi ukienda, angalia kona. Mtu wa kaunta hatakwambia, si kwa ubaya, hajui tu. Na hata ukipata FE, ukifika nyumbani kata kaukingo, weka kwa kikombe cha maji moto na kipande cha shuka jeupe, acha nusu saa. Mimi nilikuwa naruka hii hatua juu nilidhani kwa 400 mtu amenioshea. Hapo ndio lawama yangu bado iko: kama kitambaa hakijamaliza kuoshwa, kiandikwe, ama kiuzwe 250. Nilimwambia hivyo, akasema atafikiria. Tutaona.

Vitu vingine vidogo. Wanafungua saa tatu lakini "saa tatu" hapo ni saa nne. Kadi hawachukui, ni M-Pesa ama pesa mkononi. Pamba ya katikati hawana, mimi natumia blanketi za pamba za mtumba na sijawahi juta. Wanauza pia mfuko wa vipande vya kukatakata, 500, na huo ndio ningemwambia mtu anayeanza anunue, hasa kama hauna cherehani, juu unaweza kushona kwa mkono namna ya Wasidi wa Karnataka, India, wale wenye asili ya huku kwetu Afrika: wanaanzia kona, wanazunguka ukingo, wanapanga vipande vikilaliana na kushona wakielekea katikati mpaka nafasi inaisha. Wenyewe wanaita kawandi. Nimefanya mbili nikiangalia taarifa ya habari, hakuna kupima, hakuna hesabu. Ila na hizo vipande osha kwanza, humo ndani miezi yote imechanganyika.

Wanafunza pia, Jumamosi moja kwa mwezi, 2,500 na unaenda na vipande vyako vinne. Sijafanya hilo darasa kwa hiyo siwezi kulisifia wala kuliponda, nilichungulia tu mlangoni. Kilichonifurahisha ni kwamba wote walikuwa wamevaa barakoa wakati wa kupima unga, na hiyo ni lazima, ule unga ukivuta kifuani kila mara mwili unaweza kuukataa kabisa. Kisichonifurahisha ni watu kumi kwa sinki moja.

Nyota? Buluu za Februari tano. Zambarau tano, na ya sita nikipewa ruhusa. Damu ya mzee ya Julai mbili, na moja kati ya hizo ni ya kandege.

Juzi nimerudi nikachukua buluu nyingine tatu na kijani moja, zote FE. Ile damu ya mzee ilikuwa imebaki vipande viwili kwa shelfu, imekunjwa vizuri, inang'aa, na kaunta alikuwa yule yule msichana. Nilimuuliza inachuja?

"Hiyo inachuja, auntie," akasema. "Osha na maji moto mara tatu."