Kenya: Polisi mlangoni wakiwa na hati ya upekuzi, na wakija bila hati

Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda mwili wako, nyumba yako na mali yako dhidi ya upekuzi. Polisi wana njia mbili za kuvuka ulinzi huo, na nguvu zake si sawa.

Kwa hati, afisa huapa kwanza mbele ya mahakama na kueleza kinachotafutwa na mahali kilipo. Hati hutekelezwa kati ya macheo na machweo, isipokuwa mahakama iruhusu saa nyingine. Ukigongewa mlango saa tano usiku, soma kama ruhusa hiyo imeandikwa. Soma pia anwani: hati ya nyumba ya jirani haifungui yako.

Bila hati, Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi inaruhusu upekuzi pale kungoja hati kungeharibu uchunguzi, na afisa lazima aandike sababu zake kabla ya kuingia. Hapa ndipo mambo huharibika: sababu huandikwa baadaye kituoni, au haziandikwi kabisa. Muombe kitambulisho cha kazi, nakili jina na nambari yake. Usimzuie kwa nguvu, utajiongezea shtaka.

Kwa maoni yetu, njia ya pili inatumiwa kupita kiasi. Wakili ana silaha: Kifungu cha 50(4) cha Katiba kinaitaka mahakama ikatae ushahidi uliopatikana kwa kukiuka haki, iwapo kuupokea kutaifanya kesi isiwe ya haki.

Mwanamke hupekuliwa na mwanamke, kwa staha, njia yoyote itumikayo.