Mkono uko wapi, mwalimu?

Nianze na somo la nne la kozi ya gitaa ya video niliyoilipia, maana ndilo lililonikalisha niandike haya. Mwalimu anapiga kawimbo kadogo, noti 5 tu: C, D, E, G, kisha anarudi E. Anakapiga kakavu mara mbili. Anatabasamu. Anasema, "Sasa tukatie madoido." Na hapo hapo, wallahi, kamera inaacha vidole na kupanda usoni. Usoni! Kafumba macho, kichwa kinayumba, nyusi zinapanda na kushuka, gitaa linalia kule chini kama la mtu mwingine. Sekunde 40. Kisha anafumbua macho: "Umeona? Haya, zamu yako."

Nimeona nini? Nimeona nyusi.

Mimi si mgeni wa gitaa. Kodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, za kusindikiza waimbaji nazipiga, skeli ya pentatoniki, ile ngazi ya noti tano, naipanda na kuishuka hata usingizini. Na hapo ndipo ugonjwa wangu ulipo: ukinipa wimbo, naupiga ulivyo, ukiniambia niuchezee, nautelekeza, naanza kupanda ngazi na kushuka ngazi mpaka wimbo wenyewe unasahaulika. Kozi hii ilijitangaza kwamba inafundisha kupamba wimbo bila kuupoteza. Nikalipa siku hiyo hiyo.

Basi nikamwandikia kwa adabu zote: "Mwalimu, samahani kwa usumbufu, naomba kwenye somo la nne utuonyeshe mkono wa kushoto, na upige taratibu." Siku kadhaa zikapita. Jibu likaja mstari mmoja: "Kwani muziki unajifunza kwa macho? Masikio umeyaweka ya nini?"

Umelipa, umeuliza kistaarabu, unajibiwa kama mtoto aliyechelewa darasani! Gitaa sikuligusa wiki nzima, kama si mbili.

Kilichonirudisha ni ubishi tu. Unataka masikio? Haya. Nikalaza simu kifudifudi mezani, nikashusha kasi hadi nusu, nikazirudia zile sekunde 40 kipande kwa kipande, sijui mara ngapi, mpaka watu wa nyumbani wakaniomba nihamie chumba kingine.

Kumbe mzee mzima alikuwa anafanya vitu vitatu. E haiendei moja kwa moja: anaanzia freti ya nne (freti ni vile vyuma vya shingoni mwa gitaa) ya uzi wa pili kutoka ule mwembamba kabisa, anateleza hadi ya tano, upesi kiasi kwamba ile ya kwanza inasikika kama kivuli tu. G nayo haiachi hivi hivi. Kidole cha shahada kimetulia freti ya tatu, uzi wa kwanza. Cha pete kinagonga ya tano na kuudonoa uzi kinapotoka. G, A, G, kwa pigo moja la mkono wa kulia, kama mwimbaji anayetikisa sauti mwishoni mwa neno. Cha tatu ndicho kilichonikera kuliko vyote, kwa sababu hakihitaji hata kidole: ananyamaza. Ile C ya mwanzo inayotakiwa kuangukia pigo la kwanza la mdundo haipigi. Anaacha pigo lipite, ndipo anaingia, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema. Noti zote 5 bado zipo, kwa mpangilio uleule. Ukikaimba kawimbo kimoyomoyo, humpotezi popote.

Na mbona E na G ndizo zilizopambwa, D akaikanyaga tu na kupita? Kwa sababu kodi iliyokuwa inalia nyuma ni ya C, na ndani yake mna C, E na G. Unapamba pale unapotua. Dakika 2 za maelezo! Hakuyatoa.

Sasa sijui niseme nini. Kozi mbovu, hilo nalishikilia. Ila miaka yote sikuweza kupamba wimbo, na sasa naweza. Nimejifundisha mwenyewe... kwa rekodi yake, na kwa tusi lake, nikubali. Hata ile ya kupiga E pamoja na G ya uzi wa nne, freti ya tano zote mbili, nikiruka uzi wa tatu, niliivumbua nikiwa nimenuna, na ndiyo tamu kuliko yote. Hiyo simpi yeye sifa. Au nimpe kidogo.

Anayeanza kabisa asithubutu, atalia. Mwenye kiburi na muda wa kupoteza, labda. Nilishakata shauri niandike "lipieni tu", mpaka jana nilipofungua somo la tano. Anapiga kakavu mara mbili, anatabasamu, kamera inaanza kupanda. Niliilaza simu kifudifudi kabla haijafika kidevuni.