Kliniki ya methadoni: mdogo wangu ana mwaka na nusu anakunywa dozi, haya ndo niliyoyaona

Naandika hii kwa ajili ya dada au mama ambaye usiku huu analala na pochi chini ya mto kwa sababu kuna mtoto anakula unga humo ndani. Mdogo wangu kala unga miaka tisa, alianza na kokteli, ule unga unaovutwa umechanganywa na bangi, baadae akawa anajidunga. Sasa hivi yuko kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa unga, yaani heroini, kwenye hospitali moja ya serikali hapa Dar, huduma ni bure, naipa nyota nne.

Kabla ya hapo tulimpeleka sober house ya kulipia, nyumba ya kukaa mpaka uache unga, sitaji jina, laki tatu kwa mwezi. Alikatishwa ghafla bila dawa yoyote, arosto, yale mateso ya mwili ukikosa unga, ikamchapa siku tano, makamasi, miayo, anaharisha, mifupa inamuuma mpaka analia, alivyotoka hata wiki hakumaliza. Zipo sober house nzuri na kuna watu wamepona kabisa huko, ila ile hapana. Na hakuna aliyetuambia kwamba mwili ukishakaa bila unga halafu mtu akarudia kipimo chake cha zamani anaweza kufa palepale.

Kliniki hawakumpokea siku hiyohiyo. Alipelekwa na muelimishaji rika wa mtaani kwetu, yeye mwenyewe aliwahi kula unga, kukawa na vikao vya ushauri, wakampima mkojo, VVU, TB, homa ya ini, ndo akaanza na dozi ndogo wakawa wanaipandisha taratibu. Mdogo wangu akalalamika haimshiki, nesi akamwambia bila kumgombeza, mwanangu tukikimbilia dozi kubwa utalala uache kupumua, na usichanganye na pombe wala valiamu. Dawa ni ya maji, unakunywa mbele yao, halafu wanakuongelesha kidogo wajue umemeza.

Mjomba alisema tumemtoa kwenye unga tukampeleka kwenye unga wa serikali. Hili ndo linaniuma maana wengi wanaamini hivo. Methadoni inashika kwenye ubongo palepale heroini inaposhika, ila inaingia polepole na inakaa siku nzima, kwahiyo dozi ikishakaa sawa hapati stimu na hapati arosto, anaamka asubuhi hatafuti kete, anatafuta chai. Mwezi wa tatu hivi tangu aanze dozi nikasahau simu sebuleni, njia nzima kwenye daladala roho inadunda, narudi jioni naikuta juu ya meza, ameichomoa kwenye chaji kwa kuwa imejaa. Nilikaa chini nikalia.

Nyota niliyoipunguza ni ya usafiri. Anatakiwa aende kila siku, Jumapili na sikukuu pia, mabasi mawili kwenda mawili kurudi, na kibarua cha asubuhi kinampita. Akikosa siku kadhaa mfululizo dozi inashushwa anaanza kupanda upya. Wapo wanaoacha kwa sababu ya nauli tu, sio kwamba wamerudia unga kwa kupenda. Sisi mama anaweka nauli juu ya friji kila usiku, mwanzoni nilimkataza, akasema atakwendaje sasa. Kitu kingine mlinzi wa getini kuwaita mateja, hicho kikome jamani, hao ni wagonjwa wamekuja kunywa dawa. Maudhi ya dawa yapo, anatokwa jasho sana na choo kinakuwa kigumu, maji na mapapai yanamsaidia.

Huduma hii ilianzia Muhimbili mwaka 2011, ikaja Mwananyamala na Temeke, sasa hivi ipo hata mikoani, Dodoma, Mwanza na Mbeya. Ukienda mara ya kwanza ongozana naye, usimtume peke yake, na kaeni wote kwenye vile vikao vya ushauri maana kuna maswali wanamuuliza ndugu, sio mgonjwa. Mi niliulizwa nyumbani mnamwitaje, nikakosa jibu.