Jamovi kwa anova: uzoefu wangu na data ya sukuma wiki

Kama uko Kabete ama kwingine hapa Nairobi na data ya shamba inakutoa jasho, mimi nakwambia chukua jamovi, programu ya kuchambua takwimu. Ni ya bure kabisa, chini yake inaendeshwa na R (lugha ya kompyuta ya takwimu), na lapi yangu ya mtumba ya Luthuli inaibeba vizuri tu, bando inaliwa ile siku ya kuidaunlodi halafu baada ya hapo unapiga kazi hata intaneti ikipotea.

Data yangu ilikuwa ya sukuma wiki: samadi, mbolea za dukani DAP na CAN, na ploti zisizowekwa kitu, blok tatu (vipande vya shamba, kila kimoja na ploti moja ya kila kundi), jumla ploti 12. Wengi huku wanalinganisha wastani mbili mbili kwa t-testi na hiyo kitu inaniuma sana, maana makundi manne yanatoa jozi sita, na kila jozi ukiipima kwa 0.05 (yaani unakubali kudanganyika mara 5 kwa 100), hata mbolea zote zikiwa sawa, uwezekano wa kuokota angalau tofauti moja ya uongo unapanda hadi karibu asilimia 26 kama vipimo havitegemeani. Anova, kipimo cha kulinganisha wastani za makundi yote kwa pamoja, inauliza swali moja kwanza: tofauti kati ya makundi zimezidi zile za ndani ya makundi ama ni bahati tu? Ndiyo hiyo namba F, na p ni uwezekano wa kupata F kubwa hivyo kwa bahati tu kama mbolea zote ni sawa.

Sasa sikiza hapa vizuri. Ile anova ya njia moja haina mahali pa kuweka blok, na shamba likiwa la mteremko blok si kitu ya kuacha. Enda kwa ile ANOVA ya kawaida, weka mbolea na blok zote kama faktari, halafu fungua sehemu ya modeli utoe ule mstari wa mbolea mara blok (mwingiliano wa hizo mbili). Programu inauweka yenyewe, na kama kila mbolea iko mara moja tu kwa kila blok, ule mstari unameza digrii zote 6 za uhuru za mabaki (nafasi za kupima tofauti ambazo mbolea na blok hazielezi), hupati F wala p. Ukiutoa jedwali linakaa sawa: mbolea 3, blok 2, mabaki 6, jumla 11. Mimi hiyo hesabu naipiga kwa kalamu kabla hata sijaangalia p, na kwa wale wa R ni muhimu zaidi, ukiona mbolea nne zina digrii 1 ujue zile kodi 1 hadi 4 ulizopatia mbolea zimesomwa kama vipimo, pitisha factor() urudie.

Tukey, ile ya kuonyesha ni jozi gani zinatofautiana baada ya anova, ni kutiki tu, na mchoro wa Q-Q wa kuangalia kama mabaki yana mgawanyo wa kawaida pia, angalia doti kama zinafuata mstari.

Supavaiza akitaka zile herufi a, ab, b kando ya wastani (zenye herufi ya pamoja hazitofautiani kitakwimu), mimi huzitolea R, pakiti ya agricolae, amri ni HSD.test. Washa sintaksi ndani ya jamovi, itakuonyesha kodi ya R ya uchambuzi wako, kwa hivyo hata kuhamia huko hauanzi na karatasi tupu.