Shule za Waldorf: watu wanazisema vibaya bila kuzijua

Mwanangu anasoma shule ya mfumo wa Waldorf, na kila nikiitaja naulizwa eti huko si wanachora na kuimba tu, kusoma wanasoma saa ngapi? Naipa nyota 4 kati ya 5, na naona hayo maswali mengi ni ya kusikia tu.

Kuchora wanachora sana, ndiyo. Ila asubuhi inaanza na somo kuu, karibu masaa mawili, na somo hilohilo wanakaa nalo wiki tatu nne ndo wanahamia lingine. Kama ni hesabu basi ni hesabu kila asubuhi. Tebo wanaziimba huku wanapiga makofi na kukanyaga, halafu wanachora duara lenye namba 0 mpaka 9 na kuunganisha tarakimu za mwisho za majibu kwa mstari, tebo ya nne inatoa nyota ya pembe tano na ya sita inatoa nyota ileile ila inazunguka kinyume. Mtoto akishaligundua hilo mwenyewe humwambii kitu! Hata kufuma sweta na kofia kuna hesabu ndani yake, ukiruka vitanzi kazi inapinda na unafumua.

La nidhamu ndo linaniudhi, eti huko watoto wanafanya wanavyotaka, watu wanachanganya na shule ya Summerhill ya Uingereza, ile aliyoianzisha A. S. Neill mwaka 1921, ambako mtoto haingii darasani kama hataki, na hata kule kuna sheria kibao, wanazipigia kura watoto na walimu pamoja. Waldorf kipindi ni kipindi, unaingia. Na Montessori nayo ni kitu kingine kabisa jamani, sio kila shule isiyo ya kawaida ni ileile.

Eti za matajiri? Ya kwanza ilifunguliwa Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1919, kwa watoto wa wafanyakazi wa kiwanda cha sigara cha Waldorf-Astoria, mwenye kiwanda Emil Molt ndo alimuomba mwanafalsafa Rudolf Steiner aianzishe, na jina limetokea hapo. Ila leo nyingi ni za binafsi na ada inauma, hilo sikatai.

Nyota moja nimeibania kwa sababu kusoma rasmi kunaanza mtoto akiwa na miaka 6 au 7, na kama mna mpango wa kuhama mapema atapata shida huko aendako. Pia kwa utaratibu wao mwalimu mmoja anaweza kukaa na darasa mpaka la nane, akiwa mzuri ni raha, wasipoelewana na mtoto ni miaka mingi mno. Na falsafa ya Steiner, anthroposofia, ina mambo ya kiroho, ulizeni mapema shule yenu inaibeba kiasi gani.

Mkienda kuangalia shule msikubali kuzungushwa kwenye michoro ya ukutani tu, ombeni kukaa kwenye somo kuu mwanzo mpaka mwisho, na muombe madaftari ya darasa la sita, maana hayo watoto wanayaandika wenyewe na ndo vitabu vyao vya kusomea.