Uzoefu wangu: Salone del Mobile ya Milano, na keki ya kikombe kimoja

Viti vya meza yangu ya kulia nilivinunua baada ya kuvikalia nusu dakika dukani. Kwa macho vilikuwa vizuri sana. Wageni wa kwanza walipokuja, kabla keki haijakatwa mmoja alishahamia kwenye kochi, wa pili akamfuata, na mwisho tukala wote sahani zikiwa magotini. Iliniuma kweli. Keki hiyo nimerithi kwa bibi yangu, na kwetu ni ya kuliwa mezani, watu wakitazamana.

Ndiyo maana mimi na mdogo wangu tulipopata nafasi ya kwenda Italia mwezi wa Aprili, tulitenga siku mbili za maonyesho ya samani ya Milano, Salone del Mobile. Yalianza mwaka 1961, na yanafanyika nje kidogo ya jiji, Rho, kwenye majengo makubwa yaliyosanifiwa na Massimiliano Fuksas. Kufika ni rahisi: panda metro ya mstari mwekundu, M1, hadi kituo cha mwisho cha Rho, ukishuka uko mlangoni. Ndani kuna njia moja ndefu inayopita katikati ya kumbi, imefunikwa kwa paa la vioo lililojikunja kama kitambaa kinachopeperuka. Njia hiyo peke yake ni zaidi ya kilomita moja, na kumbi ziko kushoto na kulia. Vaa viatu ulivyokwisha vizoea.

Tulikwenda mwaka witiri, ambao ni zamu ya Euroluce, maonyesho ya taa. Miaka shufwa ni zamu ya EuroCucina, ya majiko. Taa zilipendeza, ila mimi nilifuata viti, kwa hiyo nitazipita haraka.

Kwenye kumbi za kampuni kubwa niliona kazi ya hali ya juu, lakini mara nyingi niliiona nikiwa nimesimama. Sehemu moja kulikuwa na kiti nilichokitamani tangu mbali, na nilipokaribia nikaombwa kwa upole nisikikalie. Sikuelewa, na hata sasa sielewi. Kiti usichoruhusiwa kukikalia kinakuonyesha rangi na umbo tu, na kwa rangi na umbo nilishadanganyika mara moja.

Mambo yalibadilika tulipoingia SaloneSatellite. Hii ni sehemu ya wasanifu chipukizi, walio chini ya miaka 35, iliyoanzishwa na Marva Griffin mwaka 1998. Vibanda ni vidogo, na mwenye kazi yuko hapo hapo, mara nyingi vidole vikiwa bado na alama za gundi. Ukiuliza swali moja unapata majibu matano. Kama una siku moja tu, anzia huku.

Kibanda kimoja kilikuwa na kiti cha mbao nyepesi, hakina mto wala kitambaa. Mdogo wangu akakaa, akanyamaza, kisha akasema, "Dada, hebu kaa hapa. Usiinuke upesi." Nikakaa. Njaa ilikuwa imetushika, na kwenye mkoba nilikuwa na kopo lenye vipande vinne vya keki. Nikamwomba msanifu ruhusa, akacheka, akavuta meza yake ndogo mbele yetu. Kipande kimoja tukampa yeye. Tukala taratibu, tukiongea, na dakika kumi na tano zikapita bila mimi kujisogeza wala kukunja mguu. Hapo nikajua nilichokosea dukani. Kiti cha kulia kijaribu kwa muda ule ule utakaokikalia nyumbani.

Tukamuuliza siri iko wapi. Kwanza akakipindua miguu juu, akatuonyesha kwa kidole: ncha ya kila mguu imechongwa ulimi unaozama kwenye tundu lake, umekaza bila skrubu hata moja. Kisha akapitisha kiganja kwenye ukingo wa mbele wa sehemu ya kukalia. Ulikuwa umechongwa ukashuka kidogo kwa mviringo, ili usibane nyuma ya magoti, maana hapo ndipo ganzi huanzia. Ukikaa mpaka nyuma, vidole viwili au vitatu vinapaswa kupita kati ya ukingo huo na mguu wako. Urefu nao: kiti sentimita 45 hivi kutoka sakafuni, meza 75, nafasi kati yao karibu 30. Niliporudi nyumbani nikapima vyangu nikakuta 49. Ndiyo maana wageni wangu wafupi walikuwa wananing'iniza miguu.

Alizungumza kwa heshima sana juu ya waliomtangulia. Alimtaja Michael Thonet na kiti chake namba 14 cha mwaka 1859, cha mbao zilizopindwa kwa mvuke: vipande sita tu, na viti 36 vilivyofunguliwa vikaenea kwenye sanduku la mita moja ya ujazo. Akataja pia Superleggera ya Gio Ponti, ya mwaka 1957, yenye uzito wa kilo 1.7. Fikiria, kiti kizima cha kukalia mtu mzima, na mtoto anaweza kukiinua.

Tulipoaga, alichotuomba ni namna ya kuoka ile keki. Nilimwandikia nyuma ya kadi yake, na ninyi pia nawapa kama bibi alivyotupa, kwa kikombe kimoja kidogo, kile cha mtindi wa gramu 125. Kipimo ni hicho hicho kwa kila kitu, kwa hiyo mizani haihitajiki.

Vunja mayai matatu, piga pamoja na vikombe viwili vya sukari mpaka yawe meupe na mazito. Usiharakishe hapa, dakika tano za kupiga ndizo zinazoinua keki. Tia kikombe kimoja cha mtindi, kikombe kimoja cha mafuta ya kupikia yasiyo na harufu, na ganda la limau moja lililokwanguliwa. Kwangua ile njano tu. Ukifika kwenye nyeupe keki inakuwa chungu. Chekecha vikombe vitatu vya unga wa ngano pamoja na vijiko vitatu vya chai vya bekingi pauda na chumvi kidogo, kisha changanya kwa mwiko polepole. Unga ukishapotea machoni, acha. Ukiendelea kukoroga keki inakuwa ngumu kama mkate. Mimina kwenye chombo cha kuokea cha sentimita 22 kilichopakwa mafuta, oka kwa nyuzi 180 dakika 40 hadi 45. Usifungue oveni kabla ya nusu saa kupita, maana katikati itabonyea. Chomeka kijiti, kikitoka kikavu, itoe.

Mimi nitarudi Milano, na safari ijayo siku yote ya kwanza nitaimalizia Satellite. Kwa asiye mfanyabiashara, angalia siku ambazo milango iko wazi kwa watu wote, kwa kawaida ni mwisho wa wiki. Beba futi ya kupimia, na keki. Ila ioke siku moja kabla, uifunike ikishapoa kabisa. Siku inayotoka kwenye oveni huwa inamomonyoka, na hutaki kuacha makombo kwenye kiti ambacho mtu amekipiga msasa kwa mkono wake.